Nani Amekulipia, Mheshimiwa?

Ukipanda matatu na mtu akakulipia nauli, konda hakuamini kwa sababu tu umesema. Unamwambia, "Nimelipiwa." Naye anauliza hapo hapo, kwa sauti inayofika hadi kwa dereva, "Na nani?" Inabidi unyooshe kidole nyuma, na yule msee aliyekulipia inabidi ainue mkono ili gari zima lijue. Hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Hakuna anayemjibu konda, "Hayo ni mambo yangu na marafiki zangu." Ukijaribu hivyo utashukia steji inayofuata, na abiria watakucheka ukishuka.

Sasa nchi hii ina Katiba, ina Bunge, ina Seneti, ina mahakama, ina tume nzima ya maadili yenye ofisi na magari. Na bado swali ambalo konda wa Kawangware anauliza mara mia kwa siku, sisi tukiwauliza wakubwa tunaambiwa tuna wivu.

Swali lenyewe ni hili: Mheshimiwa, nani amekulipia?

Tuanze na ile ndege. Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani kwa ziara ya kiserikali. Ilikuwa ziara kubwa. Tangu 2008 hakuna rais wa Afrika aliyekuwa amepewa heshima ya aina hiyo Washington. Lakini huku nyumbani mazungumzo hayakuwa kuhusu White House. Yalikuwa kuhusu usafiri. Rais hakupanda ndege ya serikali wala ya Kenya Airways. Alipanda ndege ya kifahari ya kukodi, ya kampuni ya Abu Dhabi, ambayo magazeti yalikadiria gharama yake kuwa karibu shilingi milioni 200. Kwanza akajibu mtandaoni kwamba gharama ilikuwa ndogo kuliko kusafiri na KQ. Watu wakatoa kalkuleta. Kisha, mwishoni mwa mwezi huo huo, kwenye mkutano wa maombi ya kitaifa, akaeleza zaidi: yeye si mwendawazimu wa kulipa milioni 200, alipigia marafiki simu, na marafiki wakamwambia alete milioni 10 tu, wampe ndege.

Alieleza hivyo kama mtu anayesimulia alivyopunguziwa bei ya koti pale Gikomba. Mimi nikabaki na neno moja tu masikioni: marafiki. Nikasubiri asikike konda. Katika hotuba ile hakuna aliyeinua mkono, wala hakuna jina lililotajwa.

Fanya hesabu mwenyewe. Tukiyaamini magazeti, milioni 200 ukitoa milioni 10 inabaki milioni 190. Tukisema magazeti yalikosea kwa nusu nzima, bado ni zawadi ya milioni 90. Na hayo yalisemwa wiki tatu kabla ya vijana kujaa barabarani mwezi wa Juni kupinga Mswada wa Fedha, mswada ambao ulipoletwa ulitaka mkate utozwe ushuru wa asilimia 16. Sisi tulikuwa tunahesabu slesi. Marafiki walikuwa wanapunguzia wengine ndege.

Watu wengi hudhani jambo hili halina sheria, kwamba ni suala la adabu tu. Sheria ipo, na si ya jana. Ibara ya 76 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na lazima ikabidhiwe Jamhuri, isipokuwa pale ambapo sheria ya Bunge imeruhusu vinginevyo. Isome tena polepole. Zawadi ile si yake, ni yetu. Ibara hiyo hiyo inamkataza kutafuta au kupokea mkopo wa kibinafsi ama manufaa katika hali inayotia doa uadilifu wake. Angalia maneno: haikatazi kupokea pekee, inakataza na kutafuta.

Halafu kuna Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012. Kifungu cha 14 kinaruhusu zawadi ndogo za heshima, zile za kawaida ambazo mwenyeji humpa mgeni, ilimradi zisiwe pesa na zisipite kiwango kilichowekwa. Kwa miaka mingi kiwango hicho kimekuwa shilingi 20,000. Kinakataza kabisa kupokea zawadi au ukarimu kutoka kwa mtu anayechunguzwa, mwenye mkataba na serikali, ama mwenye maslahi yanayogusa kazi ya afisa huyo. Na kinazitaka taasisi za umma ziweke rejista ya zawadi. Julai 2025 ikatiwa saini sheria nyingine, ya mgongano wa maslahi, ikafuta ile ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003. Kwa hivyo karatasi si haba. Kama maadili yangekuwa yanapimwa kwa idadi ya vifungu, tungekuwa tunawafundisha Waswidi.

Mbona basi hazishiki? Sababu moja ni kwamba sheria hizi ziliandikwa zikiwa na vitu akilini: saa ya dhahabu, kinyago, pembe, zulia. Kitu unaweza kukichukua, ukakiandika kwenye rejista, ukakiweka kwenye kabati la Jamhuri. Lakini safari utaiweka kabati gani? Safari huliwa ikipokewa. Ukishashuka ngazi za ndege umeshaimaliza, kiti kimelaliwa, divai imenywewa, hoteli imefagiliwa na mgeni mwingine ameingia. Huwezi kumwambia Waziri airudishe Dubai. Ndiyo maana zawadi ya safari ni tamu kuliko zote kwa mpokeaji na kwa mtoaji: haiachi ushahidi sebuleni. Tena humfungia mtoaji na mpokeaji pamoja kwa saa kumi na nne angani, mahali ambapo hakuna karani wa kuandika nani alisema nini.

Najua nazungumza kama mtu mwenye kinyongo. Ninacho, na ni haki ujue kilitoka wapi.

Mamangu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Tulikuwa tunaishi mji mmoja wa kando ya barabara kuu ya Mombasa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani na kwenye maghala akiwa na sanduku la vyuma vya kupimia, kuhakikisha kwamba kilo ya muuza duka ni kilo kweli. Sanduku lile lilikuwa zito kama mtoto wa darasa la kwanza. Ofisi ilikuwa na pikapu moja, nayo ilikaa juu ya mawe miaka miwili ikisubiri spea. Kwa hivyo Mama alienda kwa matatu, na mara nyingi konda alilitoza sanduku nauli yake.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la tano. Kulikuwa na tajiri mmoja wa mahindi pale mjini aliyekuwa ananunua magunia kutoka kwa wakulima. Mama alikwenda kupima mizani yake akakuta gunia la kilo 90 linasoma 86. Kilo nne kwa kila gunia, kila siku, kutoka kwa watu waliokuja na punda. Akaikataa ile mizani, akamwandikia ailete ikiwa imerekebishwa, akamwambia Jumatatu atarudi.

Alhamisi alfajiri simu ikaja kwa jirani. Babu, babake Mama, amefariki Malindi. Ukiwa Mwislamu wa Pwani hiyo habari huja na saa yake: maiti hacheleweshwi. Walisema watamswalia adhuhuri, Mama akalia kwenye simu, wakakubali kungoja hadi alasiri. Tukatoka mbio kwenda steji. Asubuhi ile hapakuwa na gari. Mabasi ya kutoka Nairobi yalipita yakiwa yamejaa, moja baada ya jingine, hata hayapunguzi mwendo.

Tajiri akatokea. Alikuwa amesikia. Alisimamisha gari lake jeupe, kubwa, lenye viyoyozi, akashuka mwenyewe akamfungulia Mama mlango. Sitasahau upole wake, kwa sababu nadhani ulikuwa wa kweli. Alisema, "Ingieni, nitawafikisha Malindi mimi mwenyewe. Msiba hauna mizani, dada yangu."

Mama akajifuta uso na leso. Akasema, "Msiba hauna. Wewe unayo, na Jumatatu nakuja kuipima. Nashukuru sana, ndugu yangu."

Tulipata basi saa nne kasoro. Mombasa tukabadilisha, tukakaa kwenye foleni ya daraja la Nyali. Tulifika Malindi magharibi inaadhiniwa. Wanaume walikuwa wamesharudi makaburini, wamenawa, wanakunywa kahawa barazani. Mama hakuuona uso wa babake.

Nilimchukia kwa jambo lile miaka mingi. Mjomba wangu mpaka leo, tukikaa kwenye mikusanyiko, hurusha neno: "Dada yako alimwacha mzee kwa sababu ya mizani ya mahindi." Na mimi nikiwa kijana nilikuwa upande wa mjomba. Nilidhani Mama alikuwa mtu wa kujionyesha. Lifti tu! Nani ananunuliwa na lifti?

Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza. Hakunipa hotuba. Alisema, "Ningeingia gari lile, mwanangu, Jumatatu ningepima na mkono ungetetemeka. Mizani ikisoma vibaya ningejiuliza kama namwonea mtu aliyenizikia baba. Ikisoma vizuri ningejiuliza kama nimeona vizuri. Mkaguzi akishaanza kujiuliza hivyo, hata akisema kweli haijulikani."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na wanaosema zawadi ya safari ni jambo dogo hawajawahi kuijibu. Wanajibu vitu vingine. Wacha tuvichukue kimoja kimoja.

Cha kwanza ni utamaduni. Eti sisi ni Waafrika, mgeni hakataliwi, ukarimu wetu msituharibie na sheria za wazungu. Mimi nimelelewa Pwani, kwenye nyumba ambayo mgeni hakuulizwa anakula nini bali aliulizwa ameshiba. Usinifundishe ukarimu. Ukarimu wetu una sifa moja ambayo hawa mabwana wameificha: hufanywa mbele ya watu. Kwenye harusi bwana arusi akitunzwa, kila mtu anaona nani ametunza na ametunza nini. Kwenye harambee jina lako na pesa zako zinasomwa kwa kipaza sauti, na ukiahidi usipotoa, kijiji kizima kinajua. Hiyo ndiyo mila. Zawadi ya kujificha ina majina mengine kwa Kiswahili, na tuliyatunga wenyewe bila kusaidiwa na mzungu yeyote: hongo, mlungula, chai, kitu kidogo. Wazee waliosema penye udhia penyeza rupia walijua vizuri sana walikuwa wanazungumzia nini.

Jirani zetu Tanzania walishawahi kwenda njia hii wakarudi. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi ilibadilishwa ili mgombea aruhusiwe kuwapa wapiga kura takrima, kwa jina la ukarimu wa kimila. Neno zuri, takrima; linanukia pilau. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba. Watanzania wana ukarimu kutushinda, hilo hata sisi tunakubali, lakini mahakama yao iliona kwamba ukarimu ukishafika kwenye kura umebadilika jina. Ukifika kwenye tenda, leseni na mikataba ya serikali, je?

Cha pili ni kwamba mlipa kodi ameokolewa. Hii ndiyo hoja ya milioni 10, na lazima nikiri ina mvuto. Kama rafiki amelipa, si pesa zetu zimebaki? Hapana. Zimebaki kwa jinsi ile pesa inavyobaki mfukoni ukikopa dukani. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii imewekwa kwa ajili ya watu wawili wanaokula kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Sasa afisa wa serikali akila cha rafiki yake, siku ya zamu yake ikifika atatoa nini? Hana ndege. Hana visima vya mafuta. Alicho nacho ni saini, na saini ile ni yetu. Yeye anakula, halafu kinacholiwa ni chetu. Kama kweli ziara ni ya lazima kwa taifa, taifa lilipe nauli yake, tuione kwenye bajeti, tugombane juu yake. Kama hatuwezi kuilipa, basi apande ndege ya kawaida. Mama zetu wanaolea watoto wa watu Riyadh walipanda ya kawaida, na wao ndio wanaotuma dola nyumbani.

Sijasema kwamba Rais alimwahidi mtu chochote kwa ile safari. Nasema kwamba bila majina huwezi kusema alimwahidi, na yeye pia hawezi kuthibitisha kwamba hakumwahidi. Kutaja jina kunamlinda yeye kwanza.

Cha tatu ndicho wanachopenda zaidi: mimi sinunuliki. Mtu mzima kama mimi, na shahada zangu, uninunue na tiketi? Tazama basi Marekani, maana huko nako wakubwa husema hivyo hivyo. Aprili 2023 waandishi wa ProPublica walifichua kwamba jaji wa Mahakama ya Juu, Clarence Thomas, alikuwa amesafirishwa kwa zaidi ya miaka ishirini na tajiri aitwaye Harlan Crow, kwa ndege ya binafsi na mashua ya kifahari, bila kuzitangaza safari hizo. Jaji alijibu kwamba Crow na mkewe ni marafiki zake wa karibu, na kwamba aliwahi kushauriwa kuwa ukarimu wa aina hiyo hauhitaji kutangazwa. Marafiki tena! Hakuna aliyehitaji kuonyesha kwamba hukumu fulani ilinunuliwa. Ilitosha kwamba kila hukumu sasa ilisomwa na watu wakiwa na ile ndege akilini. Novemba mwaka huo huo mahakama ile ikatoa kanuni zake za maadili, ila haikuweka mtu wa kuzisimamia. Kanuni bila konda.

Kuna na waliofungwa. Bob Ney, mbunge wa Ohio, alipelekwa Scotland kucheza gofu mwaka 2002 katika safari iliyopangwa na mshawishi Jack Abramoff. Mwaka 2007 alihukumiwa kifungo cha miezi 30, na safari zile zilikuwa sehemu ya kesi. Mwaka huo huo Bunge lao likabana kanuni: mbunge anayetaka kusafiri kwa pesa za watu binafsi lazima aombe idhini ya kamati ya maadili kabla, na akirudi atangaze ndani ya siku 15. Angalia neno kabla. Wao pia walijifunza kwamba safari haiwezi kurudishwa.

Usidhani nawasifu Wamarekani. Mei 2025 serikali yao ilikubali kupokea kutoka Qatar ndege aina ya Boeing 747 yenye thamani ya karibu dola milioni 400, itumike na rais wao. Kanuni bila watu wa kuuliza ni karatasi, huko Washington kama hapa Harambee Avenue.

Lakini pia nisiwe mwongo kwa upande wa wadogo. Ni rahisi kuandika makala ukidai kila afisa awe kama Mama, na si haki. Kuna mkaguzi wa afya leo asubuhi anayetakiwa kwenda kukagua kichinjio kilicho kilomita arobaini, na ofisi yake haina mafuta. Mwenye kichinjio anapiga simu: "Ofisa, nitume pikipiki ikuchukue?" Kuna ofisa wa msitu anayebebwa na lori la mbao zile zile anazotakiwa kuzihesabu. Hawa hawajaitwa Dubai. Wameitwa kazini, na serikali iliyowaajiri imewaacha wategemee lifti ya wanayemkagua. Ukimwandikia mtu huyu kifungu cha 14 bila kumpa lita kumi za petroli, umemtega. Siku ile steji, serikali ilikuwa imemwachia Mama achague kati ya mizani na babake, na pikapu iko juu ya mawe. Hiyo haikuwa maadili. Ilikuwa uzembe wa mwajiri uliolipiwa na mwajiriwa.

Na ndiyo maana ile ndege iliniuma hivyo. Chini, mtu hana nauli na anaambiwa asipokee. Juu, mtu ana nauli, ana dereva, ana posho ya safari, na bado anapokea. Sheria yetu ya zawadi imekuwa kama wavu wenye matundu makubwa juu na madogo chini. Dagaa wananaswa, papa anapita akipunga mkono.

Sasa tufanye nini? Sitaki tume nyingine. Nataka mambo matano, na yote konda angeyaelewa.

Moja, swali liulizwe kabla ya gari kuondoka. Safari yoyote ya afisa wa serikali inayolipiwa na mtu mwingine, iwe ndege, hoteli au semina ya siku mbili ufukweni, itangazwe kabla hajaondoka. Asiyetangaza alipe nauli nzima kutoka mshahara wake.

Mbili, jina litajwe. Si "wafadhili", si "washirika wa maendeleo", si "marafiki". Jina la mtu au la kampuni, thamani kwa shilingi, njia aliyopita, na biashara ambayo mtoaji anayo na serikali. Rejista inayokaa kabatini si rejista, ni siri iliyopangwa vizuri. Iwekwe mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kuisoma kwenye simu tukiwa kwenye foleni ya Thika Road.

Tatu, mualiko uende kwa ofisi, usiende kwa mtu. Kama mafunzo ni mazuri kweli, wizara ichague nani aende, na pengine aende yule karani anayefanya kazi yenyewe, si bosi na shemeji yake. Marekani idara ya serikali inaweza kulipiwa safari na watu wa nje, lakini kibali hutoka kwa idara yenyewe, na ripoti za malipo hayo hutolewa kila miezi sita. Hilo tunaweza kuiga bila kuomba mkopo.

Nne, mwenye tenda, leseni au kesi mbele yako asikulipie hata maji. Hii tayari ni sheria. Itekelezwe kuanzia juu kushuka, si kuanzia kwa ofisa wa kaunti aliyepokea kuku.

Tano, wakaguzi wapewe usafiri. Kabla hujamshtaki mtu kwa kupanda lori la mbao, nionyeshe gari ulilompa.

Na wewe unayesoma, usingoje Bunge. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili. Barua yenyewe ni mistari mitatu: mimi ni raia wa Kenya, naomba orodha ya safari zote za maafisa wa ofisi yako mwaka uliopita zilizolipiwa na watu wa nje ya serikali, naomba majina ya waliolipa na kiasi. Chagua ofisi moja tu. Hospitali ya kaunti yako, bodi ya maji, wizara unayoichukia. Tia saini, weka tarehe, hifadhi nakala. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, kwa sababu kazi hiyo ni yake.

Utaambiwa unajifanya mjuaji. Utaulizwa umetumwa na nani. Hilo nalo ni swali zuri, tulikubali. Waambie hujalipiwa na mtu, nauli ya kuileta barua umetoa mfukoni, hamsini kwenda, hamsini kurudi. Halafu ngoja wao nao waseme.

Mama alistaafu zamani. Siku ile ya Jumatatu alikwenda kwa tajiri na sanduku lake, tumetoka matangani juzi, macho bado mekundu. Akaweka vyuma vyake juu ya mizani, kimoja kimoja, hadi kilo 90. Ikasoma 90. Akaipiga muhuri, akamshukuru tena kwa ile lifti aliyomwahidi, akapanda matatu. Konda akalitoza sanduku nauli, naye akalilipia.